Nyumba ina jina la mume wangu. Tukiachana nitatoka na nini?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 36, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2011, tuna watoto watatu. Mume wangu alikuwa na kiwanja kabla hatujaoana, kikiwa na msingi tu. Nyumba tumeijenga tukiwa pamoja lakini hati ina jina lake. Mimi sijaajiriwa. Nilipika vitumbua na chai miaka tisa, nikaacha mwaka 2020 mtoto wa tatu alipozaliwa mgonjwa. Tuna shamba la zabibu Mpunguzi alilorithi kwa baba yake, ng'ombe wako kwa kaka yake Chamwino, bajaji moja, na deni la SACCOS. Sasa ana mwanamke mwingine. Ameniambia nikusanye nguo zangu niondoke, kwamba mahakama inamsikiliza mwenye hati. Majirani wananiambia ni lazima nipewe nusu. Nani anasema kweli? Na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Barua yako imenikaa kichwani tangu juzi, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu wengi wanaoniletea shida kama hii wanakuja wakiwa wameshachelewa. Wewe hujachelewa.

Mume wako amekosea, na majirani zako nao wamekosea. Hati kuwa na jina lake hakumalizi habari. Sheria inaanza kwa kudhani kwamba mali yenye jina la mmoja ni ya huyo mmoja, lakini dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi. Wakati huohuo hakuna sheria Tanzania inayosema ndoa ikivunjika kila kitu kinapasuliwa katikati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo mke na mume walizichuma kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Hakimu anatakiwa aangalie mila ya jamii mnayotoka, mchango wa kila mmoja wenu uwe wa fedha, mali au kazi, madeni mliyoyaingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishayapima hayo, ndipo sheria inamtaka aelekee kwenye usawa. Lishike neno hilo: aelekee. Anaegemea upande wa usawa, lakini mchango ndio unaoamua atafika wapi. Ndiyo maana utasikia mmoja kapewa nusu, mwingine arobaini kwa mia, mwingine thelathini, na ndoa zao ukizitazama kwa nje zinafanana. Mara nyingi kilichotofautiana ni kile walichoweza kukithibitisha.

Niliwahi kukaa mahakamani nikisubiri shauri la mteja wangu liitwe, nikamsikia mama mmoja wa makamo akiulizwa na hakimu, "Wewe ulichangia nini katika nyumba hii?" Akajibu, "Mheshimiwa, mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu." Akanyamaza. Hakimu alisubiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi, alipoona hakuna kinachofuata akaandika hivyohivyo. Tulipotoka tukakaa chini ya mwarobaini, nikamuuliza maji ya kujengea nyumba ile yalitoka wapi. Akaniambia aliyachota yeye, kwa ndoo, alfajiri kabla foleni ya bombani haijawa ndefu, miezi minne mfululizo, mtoto akiwa mgongoni. Mafundi aliwapikia yeye. Mume aliposafiri, yeye ndiye aliyelala kwenye pagala lisilo na madirisha ili mbao na saruji zisiibwe. Ndani ya mahakama hakusema hata moja kati ya hayo. Hakuna aliyemuuliza, na mwenyewe hakujua kwamba ile ilikuwa kazi ya kutajwa mbele ya hakimu.

Neno lile "tu" usiende nalo mahakamani.

Na usidhani nakutia moyo kwa maneno matupu. Zamani majaji wetu waligawanyika katika jambo hili. Wapo waliosema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, kwa hiyo hakuhesabiki. Wapo waliosema ni kazi iliyosaidia mali ipatikane. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikata ubishi huo katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Kesi hiyo inatajwa mahakamani mpaka leo. Ila wengi wanaoitaja wanaruka mwisho wake. Bi Hawa alishinda hoja lakini hakupata sehemu ya mali aliyoidai, kwa sababu mahakama iliona mume alimpa fedha za kuanzisha biashara ya familia naye akazitapanya. Nakueleza hili kwa makusudi. Mchango unapanda, na unaweza kushuka. Kama mumeo atadai ulikula mtaji wa vitumbua, uwe na majibu yenye miaka na hesabu.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana hapo ndipo penye uzito.

Kiwanja na msingi alikuwa navyo kabla yako. Hilo likubali waziwazi. Ukienda mahakamani ukasema vyote mlichuma pamoja, atatoa barua ya toleo, ile ya kumpa kiwanja, ya kabla ya 2011, na kuanzia dakika hiyo kila utakachosema hakimu atakisikia kwa shaka. Halafu ni haki yake. Alikitafuta kabla hajakujua. Lakini kifungu hichohicho cha 114 kinasema mali ya mmoja iliyokuwepo kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Msingi uliogeuka kuwa nyumba yenye kuta, bati, dari na umeme umeendelezwa kwa kiasi kikubwa, hilo halina ubishi mkubwa. Kazi yako ni kuonyesha mkono wako katika safari hiyo.

Nunua daftari la shule, yale makubwa. Anza mwaka 2011, andika mwaka kwa mwaka. Tofali zilifyatuliwa lini, wapi, na nani alizimwagilia. Bati zilinunuliwa mwaka gani, kwa fedha ya nani. Kisha vitumbua. Uliloweka kilo ngapi za mchele kwa siku? Kitumbua kimoja uliuza shilingi ngapi? Ukitoa mchele, mafuta, sukari na mkaa, ulibaki na kiasi gani kwa siku, na hicho kilichobaki kilikwenda wapi? Kama ndicho kilicholisha nyumba, sare za shule na matibabu, basi ndicho kilichoufanya mshahara wake uwe huru kununua bati. Iandike hivyo. Sijawahi kuona hakimu aliyeidharau hesabu ya vitumbua iliyopangwa vizuri, lakini nimeona wengi wakikosa cha kuandika mtu anapowaambia "nilikuwa nasaidiasaidia".

Baada ya maneno, tafuta vya kushika mkononi. Daftari la VICOBA likionyesha mkopo uliouchukua na tarehe yake. Ujumbe wa miamala ya simu uliomtumia fundi au mwenye duka la vifaa. Kampuni ya simu inaweza kukutolea taarifa ya miamala, iombe mapema. Risiti hata zilizofifia, zipige picha kabla hazijafutika kabisa. Picha za wakati wa ujenzi. Na mashahidi: fundi aliyepiga lipu akakuona ukichota maji ni bora kuliko mjomba aliyesimuliwa. Shahidi wa kusikia anajaza benchi na kupoteza siku.

Jambo moja la hapa kwetu. Karatasi za viwanja vya Dodoma zina historia yake. CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuujenga mji mkuu, ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, ambayo sasa ni ya jiji. Watu wengi wana karatasi za zama zote mbili kwenye bahasha moja. Usiidharau ile ya zamani. Kiwanja kinaweza kuwa kilitolewa kabla ya ndoa lakini malipo yake yakaendelea kulipwa mkiwa tayari mmeoana, au kodi ya ardhi ukaipeleka wewe. Tarehe za risiti ndizo zitakazosema. Kama bahasha hiyo iko kabatini, piga picha kila karatasi mbele na nyuma, uirudishe ilipokuwa. Usiifiche wala usiichane.

Shamba la Mpunguzi ni habari tofauti. Alirithi kwa baba yake, na kwa Wagogo, kama jamii nyingi za huku, ardhi ya ukoo inafuata upande wa baba. Wazee watakuja kulisema hilo na hakimu atalisikiliza, maana mila ni mojawapo ya mambo anayotakiwa kuyaangalia. Ushauri wangu: usiliombe shamba. Omba thamani ya kilichoongezeka juu yake. Zabibu haijioteshei. Kuna mashimo yaliyochimbwa, samadi iliyosombwa, nguzo na waya, kupogolea, kupiga dawa, na mavuno mara mbili kwa mwaka. Kama ulipogolea na kuvuna miaka kumi, kama nguzo zilinunuliwa kwa fedha za mchezo wako, sema hivyo, na mlete jirani wa shamba aliyekuwa akikuona. Ukiomba ardhi yenyewe utapambana na ukoo mzima. Ukiomba thamani ya mlichokifanya juu ya ardhi, unapambana na hesabu, na hesabu ina majibu.

Ng'ombe ndio wanaopotea kirahisi kuliko mali yoyote. Siku ya kesi, kaka mtu atasema wote ni wake. Tafuta aliyekuwepo walipokuwa wakinunuliwa, karatasi za mnadani, iwe Msalato au kwingine, vibali vya kuwasafirisha, hata picha za simu zenye tarehe. Usipopata chochote, usiutie uzito wote wa kesi yako hapo. Bajaji ni rahisi: kama ilinunuliwa ndani ya ndoa kwa fedha za familia, itahesabiwa, hata kama kadi ina jina lake.

Deni nalo linagawanywa. Nenda SACCOS ukaulize deni lilichukuliwa lini na kwa sababu gani, na kama ulisaini kama mdhamini omba nakala. Mkopo ulioezeka nyumba ni wenu wote. Mkopo alioutumia kumpangia mwanamke mwingine chumba si wako, lakini utatakiwa uoneshe tofauti hiyo.

Kuhusu huyo mwanamke. Najua ndiko moyo unakouma zaidi. Uzinzi unaweza kusaidia kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Lakini kwenye yale mambo manne ya kugawa mali, uzinzi haumo. Mgawanyo haujawekwa kuwa adhabu. Nimeona kina mama wakitumia saa nzima ya ushahidi kusimulia ujumbe wa mapenzi waliouona kwenye simu, ikifika zamu ya nyumba wamechoka na sauti imekauka. Msimulie dada yako hayo usiku kucha; hakimu mpe nyumba.

Sasa kuanza. Usianze mahakamani. Kabla ya kufungua shauri la talaka, mgogoro wenu unatakiwa upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Lipo la kata. Kwa kuwa mlioana kanisani, linaweza pia kuwa la kanisa kama limeidhinishwa, kama ambavyo Waislamu huenda BAKWATA. Baraza litawaita wote wawili. Likishindwa kuwapatanisha, litatoa cheti kinachosema limeshindwa, na shauri linatakiwa lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu cheti kitolewe. Zipo hali chache ambazo sheria inaruhusu kuruka baraza, kwa mfano mtu akishatelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, lakini wewe haumo humo. Usione ni karatasi ya kupoteza muda. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyokuwa yamekwenda miaka kadhaa, kwa sababu tu cheti cha baraza hakikuwa sawa, watu wakarudi kuanza upya. Kisome kabla hujatoka ofisini kwao: kina majina yenu yote mawili, tarehe, saini, na kinasema wazi kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha? Barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake haitoshi. Kikao cha ukoo hakitoshi. Hata kwa Waislamu, talaka iliyoandikwa kwenye karatasi haiwezi peke yake kuifanya mahakama igawe mali.

Cheti mkononi, unaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Zote zina mamlaka ya kusikiliza ndoa. Ya Mwanzo ni karibu na gharama yake ni ndogo. Katika maombi yako weka vyote: talaka, mgawanyo wa mali zikitajwa moja moja, malezi ya watoto na matunzo yao. Matunzo ya watoto ni deni lingine kabisa, mumeo asije akakuambia "nimekuachia chumba kimoja, basi usidai ada". Na kama huna fedha ya wakili, usikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, wamekuwa wakisimama na wanawake katika mashauri ya namna hii kwa miaka mingi.

Una cheti cha ndoa, hapo una nafuu. Wapo dada zako wengi hapa mjini wanaoishi na mtu miaka kumi bila karatasi. Nao wasikilize: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikiwatambua kama mke na mume, sheria inadhania kuna ndoa mpaka mwenye kupinga athibitishe vinginevyo. Mahakama inaweza kugawa mali zao pia.

Lakini kabla hata ya baraza, linda nyumba. Kifungu cha 59 kinamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na kinasema wewe una maslahi ndani yake yanayoweza kulindwa kwa zuio. Kwa kuwa nyumba ina hati, nenda kwa Msajili wa Hati hapahapa Dodoma na cheti chako cha ndoa, uombe kuweka zuio. Halafu mwandikie mwenyekiti wa mtaa barua fupi kwamba nyumba ile ni ya ndoa na hujaridhia iuzwe, akupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Nyumba nyingi zinauzwa kwa mkataba unaoshuhudiwa ofisini kwake, na mnunuzi aliyeambiwa mapema hawezi kuja baadaye kusema hakujua. Fanya hivi wiki hii. Kuzuia mauzo ni kazi ya siku moja. Kuyafuta yakishafanyika ni kesi ya miaka.

Kama mtaweza kukubaliana, kubalianeni, mkaweke makubaliano kwa maandishi na kuyapeleka mahakamani yawe sehemu ya hukumu. Sisemi hivi kwa sababu nataka upole. Ndoa zilizogawana kwa maelewano nimeona watoto wake wakiendelea kusoma shule ileile. Ila usisaini karatasi yoyote nyumbani, usiku, mkiwa na wazee wa upande mmoja.

Na hukumu ikitoka, isiishie kusema "mali zigawanywe sawa". Muombe hakimu aseme kila mali inakwenda kwa nani na kwa kiwango gani. Kama nyumba haigawanyiki, nani atamlipa mwenzake, kwa thamani ya mthamini yupi, ndani ya muda gani, na asipolipa iuzwe. Hukumu isiyosema hayo inakurudisha kwenye foleni siku ya kuikaza, yaani kuitekeleza. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa, lakini muda wake ni mfupi, na unahesabiwa tangu siku ya hukumu.

Umeambiwa ukusanye nguo zako uondoke. Usiondoke kwa kuambiwa. Hati yake haimpi haki ya kukutoa kwenye nyumba ya ndoa kwa amri ya mdomo. Lakini akikunyanyulia mkono, au ukiona usiku hauko salama, toka na watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, upewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe, na mgawo wako wa mali hautapungua kwa sababu ulitoka kuokoa maisha. Ukitoka, piga picha kila chumba kwanza kama nafasi ipo: friji, makochi, cherehani, mashine ya maji, mpaka sufuria kubwa la chai ya biashara.

Na lile daftari usiliweke ndani ya nyumba hiyo. Kila ukimaliza ukurasa upige picha umtumie mtu wa kikundi chako unayemwamini, kisha daftari lenyewe likalale kwake.